Mchuzi Ndio Unaoamua, Si Rangi ya Mvinyo

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka tulikuwa watu saba mezani kwetu Tabata, Dar es Salaam. Kulikuwa na changu wawili wakubwa wa kupaka. Walikuwa wamechomwa juu ya mkaa hadi ngozi ikaungua kingo, wakapakwa tui zito lililopikwa na tangawizi, kitunguu saumu, binzari na ukwaju, kisha wakarudishwa motoni mpaka tui likashika. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na chupa ya Pinotage kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Alipoona samaki, akaiweka chupa sakafuni kando ya kiti chake.

"Shemeji, hii tuitunze," akasema. "Siku mkichinja mbuzi tutaifungua. Nyekundu ni ya nyama, nyeupe ni ya samaki."

Nikamwomba aitoe. Nikaomba pia tuizamishe kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa robo saa kabla ya kuifungua. Wote wakanitazama, maana kwao hayo yalikuwa makosa mawili kwa mpigo: mvinyo mwekundu na samaki, tena mvinyo mwekundu kwenye barafu. Hata hivyo mgeni anamsikiliza mwenye nyumba, na chupa ikaingia ndooni.

Nilimmiminia kidogo, nikamwambia anywe kwanza bila chakula. Akasema anasikia zambarau mbivu, moshi, na kitu kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Ulimi wake ulikauka. Kisha akala kipande cha samaki chenye tui na ngozi iliyoungua, akameza, akanywa tena. Ukakasi ulikuwa umepungua, tunda limejitokeza, na ule moshi wa mvinyo umeungana na moshi wa mkaa hata hakuweza kusema upi ni upi. Akanyamaza. Akala tena, akanywa tena. Mwishowe akasema, "Hii ni bahati tu ya siku moja."

Haikuwa bahati, na makala hii ni jibu langu kwake na kwa wote waliomfundisha.

Maana shemeji hakujitungia kanuni hiyo. Ameipata kwa wahudumu wa hoteli, ambao nao waliipata darasani. Ameisikia kwenye vikao vya kamati ya harusi, pale mjumbe mmoja anaposimama na kusema meza zenye biriani la mbuzi zipelekewe mwekundu na zenye samaki zipelekewe mweupe, na hakuna anayeuliza kwa nini. Ameisoma nyuma ya chupa. Kanuni imekaa sana miongoni mwetu hata imegeuka adabu: anayeivunja haonekani kuwa na ladha tofauti, anaonekana hajaelimika. Watu wengi niliowaona wakiogopa mvinyo hawaogopi ladha yake. Wanaogopa kukosea mbele za watu. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na ndiyo sababu siwezi kuliacha jambo hili lipite kama suala dogo la anasa.

Niseme mapema kwamba siwaandikii wale ambao dini yao imewakataza pombe. Wao wana sababu yao na inatosha. Ninawaandikia wanaokunywa na wanaouza.

Kanuni ile ina ukweli ndani yake, na mtu mwaminifu lazima aanze kwa kuutoa. Ukibugia bibo la korosho, au ndizi ambayo haijaiva, ulimi unakauka na mashavu yanashikana. Huo ni ukakasi. Katika mvinyo mwekundu unaletwa na tanini, vitu vinavyotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, kwa kuwa mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake wakati mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza. Tanini hukamata protini zilizomo kwenye mate, na mate yakipoteza utelezi wake, kinywa kinakuwa kama kitambaa. Ukila nyama yenye mafuta, isiyoiva sana, tanini hupata protini nyingine za kukamata na mafuta hufunika ulimi. Mvinyo unalainika na nyama inapata ladha. Mzungu mwenye kipande cha nyama ya ng'ombe chekundu katikati, kisichotiwa kitu ila chumvi, ana haki ya kusifu mvinyo mkali mwekundu. Kwa sahani yake, kanuni inafanya kazi.

Na kwa samaki pia kuna jambo la kweli. Baadhi ya mvinyo ukinywewa na samaki huacha shombo mdomoni, na ladha kama ya sarafu iliyonyonywa. Kwa miaka mingi watu walilaumu tanini, kwa hiyo wakalaumu rangi. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walichapisha walichokigundua baada ya kuwapa waonjaji aina 38 za mvinyo mwekundu na 26 za mweupe pamoja na nyama ya kombe. Shombo lilifuata madini ya chuma. Mvinyo wenye chuma zaidi ya miligramu 2 hivi kwa lita ndio ulioleta shombo kali, na walipoongeza kitu cha kukishika kile chuma, shombo likapungua. Chuma hukutana na mafuta ya samaki yaliyoanza kuharibika na kuzaa ile harufu. Ni kweli kwamba mvinyo mwekundu mara nyingi una chuma kingi zaidi kuliko mweupe. Lakini mara nyingi si siku zote, na mwekundu wenye chuma kidogo haukuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kosa halikuwa la rangi. Lilikuwa la chuma ndani ya mvinyo na mafuta ndani ya samaki. Ndiyo maana mimi mwenyewe sinywi mvinyo mwekundu na dagaa wala na vibua: ni samaki wa mafuta mengi, na nimeshaonja matokeo mara kadhaa. Lakini changu, chewa, kolekole? Hao ni samaki wa nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi, na kwetu hawaji mezani watupu. Wanakuja na moshi, na tui, na ukwaju, na nyanya iliyokaangwa mpaka ikakolea.

Sasa niitetee ile chupa iliyowekwa sakafuni, kwa sababu naichukulia kuwa shahidi wangu mkuu.

Pinotage ni aina moja ya zabibu, na ina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha zabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, alipandisha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo huko Rasi ya Afrika Kusini siku hizo waliiita Hermitage. Akapata mbegu nne tu. Akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo, katika shamba la Welgevallen. Mwaka 1927 akahamia KWV, ushirika wa wakulima wa zabibu kule Paarl, na bustani ikaota magugu. Chuo kilipotuma vibarua kuisafisha, mhadhiri kijana aitwaye Charlie Niehaus alikuwa akipita na baiskeli. Alikuwa na habari za ile miche, akasimama, akainusuru kabla haijatupwa pamoja na magugu. Baadaye mtaalamu wa zabibu C. J. Theron akaiunganisha kwenye mashina mapya, na jina likaundwa kwa kukata majina ya wazazi wote wawili. Chupa ya kwanza yenye jina hilo, Lanzerac ya mavuno ya 1959, iliingia sokoni 1961. Kila chupa ya Pinotage iliyopo duniani leo inatokana na mbegu hizo nne.

Wazazi wake wenyewe wanaibomoa kanuni. Pinot Noir ni zabibu ya Burgundy, mahali pa baridi. Ganda lake ni jembamba, ukakasi wake mdogo, na mvinyo wake huangaza kwenye glasi hata uone vidole vyako upande wa pili. Cinsaut ni ya kusini mwa Ufaransa, inastahimili jua, inatoa mvinyo laini. Mtoto wao akatoka mweusi, mwenye nguvu kuliko wote wawili. Kisha mtoto huyu naye anabadilika kwa mkono wa mtengenezaji. Kuna Pinotage changa isiyoguswa na pipa, nyepesi, yenye harufu ya stroberi, inayonyweka kama juisi ya rosela. Kuna ya mizabibu ya zamani, iliyokaa kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mzima na zaidi, yenye ukakasi wa kuheshimiwa. Kuna ile iliyoanza kutengenezwa kwenye shamba la Diemersfontein miaka ya mwanzo ya 2000, inayotumia mwaloni uliobanikwa, na ukiinusa utadhani umefungua kopo la kahawa. Zote ni nyekundu. Zote ni zabibu ileile. Je, ukiniambia "nyekundu ni ya nyama", unanizungumzia ipi kati ya hizo tatu?

Hii ndiyo faida ya kuonja mvinyo wa zabibu moja. Mvinyo wa kuchanganya zabibu nne au tano unaweza kuwa mtamu sana, lakini mwanafunzi hajui nini kimeleta nini. Zabibu ikiwa moja, kila tofauti unayoionja imetoka mahali unapoweza kupataja: shamba, joto la uchachushaji, pipa, umri, na chakula ulichokula kabla ya kumeza. Pinotage ikichachushwa kwenye joto kali huweza kutoa harufu ya ndizi mbivu mno, na ikizidi, harufu ya rangi ya kucha. Wapo Waingereza walioidharau zabibu yote kwa sababu ya chupa za namna hiyo. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop, mtu wa Pinotage hasa, alitajwa kuwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa mwaka katika mashindano ya kimataifa yaliyofanyika London. Zabibu ilikuwa ileile waliyoidharau.

Nirudi kwenye ndoo ya barafu, kwa sababu huko nako kanuni imetuumiza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika hoteli moja ya ufukweni, mwezi wa Februari. Mvinyo mwekundu ulikuja ukitoka kwenye rafu iliyo karibu na mlango wa jikoni. Chupa ilikuwa na joto mkononi. Nikaomba barafu. Yule kijana mhudumu akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi amejikunja kwa adabu: "Samahani mama, mvinyo mwekundu hauwekwi barafu. Unanywewa kwa joto la chumba." Hakuwa na kosa, alifundishwa hivyo. Lakini chumba kipi? Maneno hayo yalizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe, kabla ya mabomba ya kupasha nyumba joto, na chumba chao kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Dar es Salaam mwezi wa Februari mchana unapita nyuzi 30, na usiku haushuki sana. Kuutia mvinyo joto la chumba chetu si kufuata kanuni yao, ni kuivunja huku tukitaja jina lake.

Mvinyo ulio na joto hilo haunyweki, na si suala la mazoea. Pombe huruka kwanza, ikapanda puani kabla ya tunda. Ugwadu, ambao ndio uti wa mgongo wa mvinyo, haujisikii tena, na unachobaki nacho ni kitu kizito, chenye utamu wa kulewesha. Mteja mgeni anakunywa glasi moja ya namna hiyo, anaumwa kichwa, anaamua kwamba mvinyo mwekundu si kitu chake. Nimewasikia wengi wakisema hivyo, na kila mara nimejiuliza kama waliwahi kuuonja hata siku moja katika hali yake. Pinotage nzito ipe nyuzi 16 au 17. Nyepesi ipe 13 au 14. Kwa maji ya barafu robo saa inatosha kuitoa chupa kwenye joto la Dar. Kwa friji ya nyumbani ni saa moja na nusu hadi mbili. Ikipoa kupita kiasi ukakasi unakuwa mkali, basi iache mezani dakika kumi. Hakuna kilichoharibika.

Sasa tuje kwenye nyama, kwenye kanuni inapojiona imeshinda. Watu wanasema: sawa, samaki tumekuachia, lakini nyama choma na mvinyo mwekundu nani atabisha?

Nitabisha mimi. Nyama choma yetu si ile nyama ya kwenye kitabu. Mbuzi hana mafuta mengi ndani ya misuli. Anachomwa taratibu mpaka anaiva kabisa, damu hakuna, na kando pamekauka. Protini iliyoiva kiasi hicho haiulainishi ukakasi kama nyama mbichimbichi inavyofanya. Halafu hatuli mbuzi mtupu. Tunamchovya kwenye chumvi, tunamkamulia ndimu, na pembeni kuna pilipili mbuzi iliyopondwa. Leta kwenye sinia hilo mvinyo mwekundu mzito, wa asilimia 14 na nusu, wenye joto la rafu, kama kanuni inavyotaka. Nyama inazidi kukauka na pilipili inawaka kama moto wa kuni kavu.

Hilo la pilipili lina maelezo yake. Mdomoni tuna vipokezi vinavyopeleka habari ya joto kwenye ubongo, navyo hufunguka kitu kikifika nyuzi 42 hivi. Pilipili huvifungua kwa hila bila joto lolote. Pombe nayo huvishusha kizingiti hadi karibu na nyuzi 34, chini ya joto la mwili wako mwenyewe, kwa hiyo damu yako inatosha kukuunguza. Unapoweka pilipili na pombe nyingi kwa pamoja, unavigonga vipokezi hivyo mara mbili, na mvinyo wa nyuzi 30 hauna ubaridi wa kuvituliza. Mtu anafikiri amekosa ujasiri, kumbe ameletewa mvinyo usiofaa kwa sababu nyama ilikuwa "nyekundu".

Mbuzi huyohuyo mpe Pinotage nyepesi iliyopozwa. Chumvi inapunguza uchungu na ukakasi wa mvinyo. Ndimu, kwa kuwa ni kali kuliko mvinyo, inaufanya mvinyo uonekane mtamu zaidi. Moshi unajibiwa na moshi. Pilipili inabaki pilipili, lakini haichochewi. Nimeionja hivyo mara nyingi na sijawahi kujuta. Na kitimoto ya kukaanga na ndizi, ambayo kanuni haijui hata iite nyama nyekundu au nyeupe, ni rafiki mkubwa zaidi wa Pinotage kuliko mbuzi, kwa sababu ya mafuta yake.

Jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote ni hili: chakula chetu kinatawaliwa na mchuzi. Muulize mtu wa Tanga leo amekula nini, hatakuambia kuku au samaki tu. Atakuambia wa nazi, wa kukaanga, rosti, wa kupaka. Neno la pili ndilo linalobeba ladha. Kuku wa nazi na kuku wa kukaanga wenye ndimu ni vyakula viwili, na mvinyo unaoelewana na mmoja unaweza kugombana na mwingine. Kanuni ya rangi iliundwa na watu ambao kwao nyama ndiyo mlo na mchuzi ni pambo. Kwetu tonge linachovya mchuzi. Ndiyo sababu ninasema mchuzi ndio unaoamua.

Na kanuni inakuwa bubu kabisa tunapofika kwenye vyakula ambavyo watu wetu wengi wanakula siku nyingi za juma. Maharage ya nazi ni mekundu au meupe? Kisamvu chenye karanga je? Makande? Ndizi nyama, ambamo nyama ni vipande vinne na ndizi ni sufuria nzima? Kanuni isiyo na neno juu ya maharage haiwezi kutusimamia mezani. Maharage mazito ya nazi, kwa taarifa, yanachukuana vizuri na Pinotage ya kawaida isiyo ya bei kubwa: tui linafanya kazi ya mafuta, maharage yana protini ya kulainisha tanini, na ule udongo wa maharage unafanana na udongo ulio ndani ya mvinyo.

Wapo watakaonijibu kwa hoja ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza: kwamba ninahangaika bure, kwa kuwa mvinyo ni kinywaji cha chakula cha Kizungu, na viungo vyetu vinauua. Hoja hii naisikia hata kwa watu waliosoma.

Tazameni Pinotage inakotoka. Rasi ya Afrika Kusini ina upishi ulioletwa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji. Jikoni mwao kuna mdalasini, karafuu, iliki, binzari, ukwaju na zabibu kavu ndani ya nyama. Mtu aliyelelewa kwa pilau hawezi kuwa mgeni pale. Wengi wa wapishi wa jadi hiyo ni Waislamu wasiokunywa, na sisemi kwamba wao ndio walioumba ndoa hiyo ya chakula na mvinyo. Lakini chakula chao kimekaa karibu na mashamba ya zabibu zaidi ya miaka mia tatu, na majirani zao wanaokunywa wanakila pamoja na mvinyo mwekundu wa pale bila kuona ajabu. Pilau ya nyama yenye mdalasini na pilipili manga, pamoja na Pinotage iliyokaa kwenye pipa, ni kitu ninachokipenda kuliko hiyo nyama ya ng'ombe ya vitabuni. Pipa lenyewe huacha harufu inayofanana na karafuu. Viungo havikuuua mvinyo. Vimeukuta nusu njia.

Na kuhusu Uzungu wa zabibu: Dodoma imekuwa na mizabibu tangu miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki walipoipanda Bihawana, na leo mkulima wa Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa haliwezi. Kuna zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora kwa jina la mahali petu. Sehemu kubwa ya mvinyo wa Dodoma huuzwa ukiwa na utamu, na wajuzi wa mjini huwacheka wanaounywa na kuku wa pilipili. Wanaocheka ndio wasiojua. Sukari huutuliza moto wa pilipili, na mama anayetuma mtoto dukani kununua mvinyo mtamu mwekundu wa kunywa na rosti kali amepatia kwa ulimi wake kile ambacho wao wamekikosa kwa kanuni.

Najua pingamizi la mwisho, na ni la haki. Mhudumu kijana ana meza kumi na mbili. Mteja hajui kitu. Ukiwaondolea kanuni, umewaachia nini? Wapeni maswali badala yake, tena machache. Mchuzi una nini: tui, nyanya, ndimu, pilipili? Kama kuna pilipili nyingi, toa mvinyo wenye pombe kidogo, uliopozwa, au wenye utamu kidogo. Kama kuna ndimu au ukwaju, mvinyo uwe na ugwadu wake, vinginevyo utaonekana umepooza. Kama kuna mafuta au tui, ukakasi unaruhusiwa. Kama ni samaki wa mafuta, epuka mwekundu ambao hujaujaribu. Kijana aliyeweza kukariri orodha ya koktaili hashindwi na hayo.

Kwa mteja ni rahisi zaidi: onja mvinyo peke yake, kula, onja tena. Mvinyo ukiwa umeboreka, endelea. Ukiwa umeharibika, kunywa maji na usimlaumu mtu. Mdomo wako hauna haja ya kibali cha hoteli.

Nawaomba wenye mahoteli na wanaofundisha wahudumu walifute darasani lile neno "joto la chumba", waandike nyuzi 16 mahali pake, na wanunue ndoo za barafu kwa ajili ya chupa nyekundu kama wanavyonunua kwa nyeupe. Naziomba kamati za harusi zimuulize mpishi kwanza mchuzi ni upi kabla ya kuagiza katoni. Na shemeji, Jumapili ijayo njoo na Pinotage mbili, moja changa isiyo na pipa na moja iliyokaa. Changu nitanunua mimi asubuhi pale soko la samaki la Feri, na barafu itakuwa tayari.